Badeen Si Baadaye

Kiden mwanangu,

Usitafute humu habari ya dawa ya malaria wala ya kuanika godoro. Hayo nimeyaandika kwenye karatasi nyingine, nimempa Kocha Nafula, naye amecheka kwa sababu imejaa mbele na nyuma. Hii ni yako peke yako. Naiandika ndani ya gari, juu ya kitanda chenu, nimelala kwa upana kama mtakavyolala ninyi, kichwa dirishani na miguu ikigusa bati la upande wa pili. Ni saa tisa mchana na bati linachoma. Wewe umeenda na Rose na Achol kusukwa nywele. Nilipokwambia usiharakishe ulidhani nataka mpendeze. Nilitaka saa mbili za peke yangu.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu sina njia nyingine. Kibari nakizungumza lakini mkono wangu haukijui. Kiarabu cha Juba hakuna mtu aliyetufundisha kukiandika. Kiingereza ni cha ripoti zako za shule. Kiswahili tulikiokota pamoja kule Kenya, wewe darasani, mimi kwenye foleni ya maji, na mara nyingi wewe ndiye uliyenirekebisha. Ukikuta kosa humu, rekebisha kimya kimya.

Kesho alfajiri gari hili linawachukua ninyi watatu kwenda Kampala kucheza mpira wa kikapu wa viti vya magurudumu. Mchezo ukiisha wenzako watarudi, wewe utabaki huko kwenye shule ya bweni miaka miwili. Najua unayajua. Nayaandika kwa sababu karatasi hukaa, na siku moja utaisoma hii ukiwa umesahau gari lilikuwaje.

Lilikuwa dogo. Hilo usilisahau. Lilikuwa gari la kubebea mikate kabla Mugisha, dereva wetu, hajalinunua, na mvua ikinyesha bado linanuka hamira. Kocha alikuwa ameipita njia ya Nimule mara mbili akitafuta nyumba za wageni, akarudi na vidole vimechubuka, maana alikuwa akijaribu milango kwa kiti kitupu. Ngazi kila mahali, na milango myembamba. Ndipo wakaamua mlale humu humu, ninyi watatu nyuma, Kocha kwenye viti vya mbele, Mugisha nje ndani ya neti. Wakaniita mimi nipime, kwa sababu nina tepu ya kushonea na sina bwana wa kunikataza.

Urefu wa nyuma, kutoka mgongo wa kiti cha dereva hadi mlango, unatosha watoto watatu waliolala kwa upana, mradi Achol akunje miguu. Upana unakutosha wewe bila kukunja kitu. Najua kwa sababu unanitosha mimi, na mimi na wewe tuko sawa sasa kwa urefu, ukinyooshwa. Nilipima kwa tepu kwanza, halafu nikapima kwa mwili. Tepu haijui kwamba mtu hugeuka akilala.

Tuliweka mbao juu ya miguu ya chuma ili chini yake pabaki nafasi. Huko chini viingie viti vya mchezo.

Unakumbuka siku vile viti vilipofika? Magurudumu yameinama, juu yamekaribiana na chini yamepanuka, kama ndama aliyezaliwa asubuhi anayejaribu kusimama. Nilizunguka chako mara mbili nikitafuta mahali pa kushika ili nikusukume. Nikamwuliza Kocha, "Mpini uko wapi?" Akasema, "Hakishikwi hiki, Mama Kiden. Hasukumwi mtu." Nilicheka pamoja na wengine. Nilipofika nyumbani nikakaa na mikono yangu mapajani, nikaiangalia.

Viti hivyo ukibonyeza kitufe cha katikati, gurudumu linatoka mkononi. Mifupa mitatu ya viti ikaingia chini ya kitanda. Magurudumu sita nikayashonea mfuko wa turubai, tukautundika chini ya paa juu ya miguu yenu. Mipira, jezi, jiko, maji, kila kitu kikapata mahali. Siku ya kwanza Mugisha alinisifu. Alisema, "Mama, wewe nafaa kupanga meli."

Lakini tulikuwa tumepanga viti vya mchezo peke yake. Viti vyenu vya kila siku, vile vya kukunja, vilikuwa bado vimesimama uani vitatu, vikitutazama.

"Hivyo vinabaki," Kocha akasema, bila ubaya. Ni mtu mzuri, Nafula. Anatoka kazini hotelini saa kumi na bado anakuja kuwakimbiza uwanjani mpaka giza. "Watatumia vya mchezo kwa kila kitu. Ni siku chache tu njiani, na huko Kampala tutaona."

Nikamwuliza, "Kocha, umewahi kuona kiti cha mchezo kikiingia chooni?"

Magurudumu yake yamepanuka chini, mlango wa choo ni wa mtu mwembamba. Anayefika mlangoni na kiti hicho anashuka chini. Anatambaa.

Basi tukaanza upya. Siku mbili, Kiden. Ulikuwa ukituona kutoka verandani ukijifanya unasoma. Mimi na Mugisha tulitoa kila kitu na kukirudisha. Tulishusha kitanda vidole vinne, tukakipandisha viwili. Nilichana godoro nikatoa sponji, nikashona jembamba. Kiti cha Rose kikalala chini, kiti cha Achol kikalala juu yake. Cha tatu hakikuingia.

"Juu ya paa," nikasema.

"Juu iko stepni. Iko jerikeni ya maji na ya dizeli. Ukiweka kiti huko, askari wa kila kizuizi nasema shusha, tuone. Tutafika Kampala krismasi."

"Basi weka miguuni pa Kocha."

"Kocha nalala huko. Mimi je, mama? Kiti kilale ndani, mimi nilale chini ya gari?"

"Lala. Mafuta yakidondoka yatalainisha hicho kichwa."

Akacheka, na Rose akacheka mpaka akakohoa. Wewe hukucheka. Ulifunga kitabu ukasema kutoka pale ulipokaa, kwa sauti ya mtu anayekataa chai ya pili:

"Changu kibaki, mama. Nitatambaa tu. Nimezoea."

Mugisha akajipangusa mikono. Alikuwa amechoka, na alitaka kunifariji. Akanipigapiga begani akasema kwa Kiarabu cha sokoni, "Kalas, basi, mama. Kiti hii, badeen."

Uliona nilivyoingia ndani nikafunga mlango. Mlidhani nimekasirikia gari. Kocha alikuja akabisha nikamwambia naumwa kichwa. Sikuwa nikiumwa kichwa.

Sasa nitakuandikia la lori. Nusu yake uliiona mwenyewe kwa macho ya mtoto wa miaka kumi na miwili. Nusu nyingine hakuna aliyeiona.

Vita vilipokwisha na watu wakaanza kurudi, tuliingia lori la mfanyabiashara kule kambini Kakuma. Tulikuwa watu wengi juu ya mizigo ya watu wengi, na sheria ilikuwa moja, kila nyumba na kitu kimoja kikubwa. Sisi tulikuwa na viwili, cherehani langu na miguu yake ya chuma, na ile baiskeli yako ya mikono yenye magurudumu matatu uliyokuwa ukiendea shule. Asubuhi ile uliipaka mnyororo mafuta ya kupikia. Ulifunga kitambaa chekundu kwenye usukani ili ijulikane ni yako. Hukuniomba ruhusa ya mafuta na mimi sikukugombeza.

Aliyekuwa akipanga mizigo alikuwa mtu wa Juba, aliyekaa mjini vita vyote, hajui neno la Kiswahili. Mimi nilikuwa na miaka kumi nje. Cherehani lilikuwa limekwisha kupandishwa. Nikamwonyesha baiskeli. Akaitazama, baiskeli kwao ni ajala, akasema, "Ajala de? Badeen, ya mama, badeen." Na mkono wake ukafanya hivi, kama anafukuza nzi kwenye sufuria.

Nikageuka nikakwambia, "Amesema baadaye. Itakuja na gari la pili."

Ukaniuliza, "Baadaye lini?"

"Baadaye."

Ukampa jirani yetu ashike usukani, ukamwambia asiiache juani. Halafu nikakubeba nikakupandisha.

Maneno haya mawili ni ndugu, mtu yeyote anaweza kuyasikia. Lakini baadaye ya Kiswahili, ya mtu mwaminifu, ina siku ndani yake hata kama siku hiyo haijatajwa. Badeen ya mtu yule haikuwa na siku. Ilimaanisha ondoa hiki mbele yangu. Kila mtu wa Juba anajua. Mwenye duka akikwambia badeen, unatafuta duka jingine. Na watu wakiniuliza mtoto alikujaje bila baiskeli, nilikuwa nikiwaeleza hivyo, nilichanganya neno, nilikuwa nimekaa Kenya sana. Wanawake wa Munuki, mtaa wetu, walicheka kidogo, wakanihurumia. Ni kosa letu sisi tuliorudi. Kila mmoja ana neno lake lililompoteza.

Mwaka mmoja na miezi minne ulitambaa. Nilikununulia patipati za kiume kule sokoni Malakia, ndala za mpira za bluu, uvae mikononi. Sijui nani alivipa viatu hivyo jina lile, lakini alivisikia vizuri. Pati, pati, pati, kutoka mlangoni hadi jikoni. Pati, pati hadi getini. Wakati wa mvua sauti ilibadilika, ikawa nzito, na nilijua kwa sauti tu umefika wapi na kuna tope kiasi gani. Watu wengi hudhani kinachonisumbua ni miguu yako. Hapana. Homa iliyoichukua miguu yako ilikukuta una miaka miwili, tuko porini tunakimbia, mimi mwenyewe nina miaka kumi na minane, na baba yako ameshaenda na bunduki asirudi. Homa nimeisamehe, na mimi wa siku zile nimejisamehe. Kinachonisumbua ni zile patipati.

Miezi mitatu ya mwanzo ulikuwa ukiuliza, gari la pili limefika? Mwezi wa nne ukaacha. Hukuacha kwa hasira, uliacha kwa adabu, kama mgeni anayeona wenyeji hawana sukari. Afadhali ungepiga kelele. Halafu nikaanza kukuta chupa yako ya maji ikirudi kutoka shule imejaa. Siku ya kwanza nikadhani umesahau. Siku ya tatu nikaelewa. Ulikuwa hunywi ili usihitaji choo, maana choo cha shule kilikuwa mbali, na njia yake unaijua. Niliuliza, ukasema, "Sikuwa na kiu." Nikakubali. Hilo nalo liandike upande wangu. Nilikuwa na nguo za watu za kushona, nikakubali.

Kwa hiyo cherehani lilitulisha. Sitasema uongo. Lilitulisha na likalipa shule. Lakini kila nilipokanyaga pedali nilikuwa nasikia mnyororo mwingine. Kuna siku pale Malakia nilimfuata mwanamume mwenye mkokoteni wa maji kutoka dukani hadi mtoni, kwa sababu gurudumu lake moja lilikuwa dogo kuliko jingine na nilidhani nalijua. Alisimama akaniuliza, "Dada, unataka maji au unanitaka mimi?" Nikamwambia nataka kuona gurudumu. Akaniacha niinamie. Lilikuwa gurudumu tu. Wakati huo nilikuwa nimekwisha kusikia kwa mtu aliyetoka Kakuma kwamba baiskeli yako ilikatwa kiti, ikawekewa kreti, inabeba madumu. Kitambaa chekundu bado kipo, alisema. Alidhani ni habari njema.

Kisha kanisa likakupa kile kiti cheusi cha kukunja, ambacho gurudumu lake la kushoto linalia kama kifaranga. Miaka miwili sasa unakitumia. Lakini mimi patipati bado nazisikia. Nikiwa nimeinama kwenye kitambaa, zinakuja kutoka upande wa jikoni, zinasimama nyuma yangu. Nikigeuka upo mbali, kwenye kiti chako, una penseli mdomoni. Hujawahi kunisikia nikiitikia hewa? Ulishaniuliza mara moja, "Mama unaongea na nani?" Nikasema nahesabu pindo.

Turudi juzi.

Nilipofunga mlango nilikaa kitandani na neno lile. Badeen. Limerudi mpaka uani kwangu, limetoka kinywani mwa mtu mwema, juu ya kiti chako. Nilikuwa na hasira na Mugisha, na Kocha, na yule aliyeunda magari madogo. Nilitoka nikaingia garini peke yangu kupima tena, maana mkono hauwezi kukaa. Nikapiga magoti. Nikanyoosha tepu kutoka kiti cha Achol hadi mlango wa nyuma, na tepu ikagonga mbao.

Lilikuwa kasha. Kasha langu.

Unalijua kasha hilo. Kitu cha kwanza kabisa kuingia garini, kabla ya kitanda, kabla ya mfupa wowote wa kiti, kilikuwa cherehani langu, limefungwa kwenye kasha nililolipigilia misumari mwenyewe. Nililiweka kwenye kona asubuhi ya kwanza, nikamwambia Mugisha, hili haliguswi, hili ni la binti yangu, akikwama huko Kampala atashona. Na kweli halikuguswa. Siku mbili tulitoa kila kitu na kukirudisha, tukachana godoro, tukatukanana, na hakuna hata mmoja aliyeligusa, hata mimi. Tulipanga kwa kulizunguka, kama watu wanavyozunguka kaburi lililo katikati ya shamba.

Nikapima kasha. Halafu nikatoka nikapima kiti chako kikiwa kimekunjwa. Sihitaji kukwambia.

Wewe ulikuwa unajua, Kiden. Tangu siku ya kwanza, kutoka verandani. Una macho ya kupima, umeyapata kwangu. Uliona kasha limekaa mahali pa kiti chako na ukasema changu kibaki, nimezoea, ili mama asione.

Nilikaa juu ya lile kasha. Na hapo ndipo jambo nililolificha miaka mitatu likaja likakaa nami. Nakwambia wewe kabla ya padri, kabla ya mtu yeyote.

Sikuchanganya neno. Kiarabu sikuwa nimekisahau kiasi hicho. Nilizaliwa Rejaf, jirani na Juba, nililetwa Malakia kununua chumvi nikiwa sijajua kuvaa viatu, na badeen nimeambiwa mara elfu. Nilimsikia mtu yule sawasawa, na mkono wake niliuona. Nilijua haitakuja. Lakini cherehani lilikuwa limeshapanda, na nilikuwa nimechoka, na nilikuwa na miaka ishirini na minane na mdomo wako wa kulisha, na Kiswahili kikaninyooshea neno linalofanana nalo. Nikalichukua. Nikakugeukia nikalitafsiri. Ule haukuwa ujinga wa mtu aliyekaa nje. Nilichagua cherehani, halafu nikatafuta neno la kulifunikia.

Labda ningechagua hivyo hivyo hata kama ningekwambia ukweli. Sijui. Labda tulihitaji kula. Lakini ungejua. Ungeaga baiskeli yako vizuri, ungelia juu yake siku moja nzima, na kilio kikaisha. Badala yake nilikupa miezi mitatu ya kusikiliza malori.

Nilimwita Mugisha tukashusha kasha. Akaniuliza, "Mama, si ulisema hii haiguswi?"

"Nilisema."

"Sasa mtoto nashona na nini?"

"Atashona kwa mkono. Au hatashona. Leta kiti."

Kikaingia. Kilibana kidogo mahali pa kuwekea mguu, Mugisha akakisukuma kwa goti, kikalia kama kifaranga kikaingia. Kocha Nafula akapiga makofi. Wewe uliendelea kusoma, na ukurasa hukuugeuza mpaka jua likazama. Nami nilikunja tepu, nikaikunjua, nikaikunja tena. Tunafanana mno. Ndiyo sababu naandika.

Watu wanasema mama kijana hukua pamoja na mtoto wake. Hapa Munuki bado wapo wanaodhani mimi ni dada yako, na nikiwa sijachoka hufurahi. Kukua pamoja nawe ni kweli, lakini maana yake ni kwamba makosa yangu niliyafanya juu yako, sikuwa na mwingine wa kujifunzia. Siwezi kukupa busara ya wazee, sina umri huo. Ninachoweza ni kukuonyesha mahali pale nilipoteleza, bado pana unyevu.

Kwa hiyo sikuombi mengi. Neno lile, nimezoea, liache hapa Juba. Ulilitumia kunilinda mimi, nami nimelipokea, limetosha. Huko utakuta magari mengine madogo, na vyumba, na vitanda vya bweni vya juu na chini, na kila mara kitu kitakosa nafasi, na watu wema watakuangalia wewe kwa sababu wewe ndiye usiyepiga kelele. Kabla hujasema changu kibaki, tazama kwanza kona kuna kasha la nani. Uliza kwa sauti. Hata likiwa la kocha. Hata likiwa langu, hasa likiwa langu.

Na maji unywe. Nikisikia kutoka kwa mtu yeyote kwamba chupa yako inarudi imejaa, nitapanda gari nije Kampala mwenyewe nikusimamie mbele ya wenzako mpaka uimalize, na nitavaa ile gauni yangu ya maua unayoionea aibu.

Bado jambo moja. Leo asubuhi nikikunja nguo zako nilizikuta patipati kwenye begi, zile za bluu, chini ya sweta, umezifunga kwa gazeti. Nilidhani nilishazitupa. Nilizitupa kweli, nakumbuka, nyuma ya choo, siku kiti kilipokuja. Kumbe ulitambaa ukazichukua.

Nilisimama nazo nikataka kuzitia motoni. Nilikuwa nimeshawasha kiberiti cha jiko. Halafu nikafikiri vizuri, kwa akili yako badala ya yangu. Kuna mahali kiti hakitafika, hata kiwe kidogo kama hicho. Kuna ukingo wa mto, kuna ngazi mbili tu za rafiki anayekualika kwao, kuna choo cha njiani usiku wa mvua. Huko utashuka na kwenda kwa mikono yako, kwa sababu unataka kufika, na mikono itahitaji viatu. Mimi ndiye niliyezigeuza kuwa sauti ya nyuma yangu. Kwako ni viatu.

Basi nimezimwagia maji nikazisugua kwa brashi. Nimetoa cherehani kwenye kasha, nimelirudisha juu ya miguu yake, na kazi yake ya kwanza imekuwa mfuko. Ni turubai la kijani lililobaki kwenye ule wa magurudumu. Nimeupigilia ukutani hapa, upande wa dirisha, ambapo mkono wako wa kulia utaangukia ukilala. Nimeujaribu. Hata kwenye giza utazifikia bila kumwamsha Rose.

Mahali pa kiti chako bado pako wazi chini yangu. Ninajua kwa sababu nikigonga mbao hapa, panaitika tofauti na kwingine. Kesho Mugisha atakiingiza cha mwisho, nimemwambia, na atakitoa cha kwanza. Nitasimama hapo nione kimeingia ndipo nitakuaga. Nisipolia usidhani sina machozi. Nikilia usishuke.

Ninasikia mtu getini. Achol anacheka, Rose anamwambia nywele zimemvuta macho. Nimesubiri sauti ile nyingine ije, ile ya patipati kutoka jikoni.

Ni kifaranga tu kinacholia, gurudumu la kushoto. Unakuja. Naikunja hii naiweka mfukoni pamoja na viatu.

Mama yako